Ugonjwa Ambao Shangazi Yako Aliuita Zinaa

Kisauni, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Maimuna,

Wanawake wako uani wanakufungia vyombo, nami nimejifungia chumbani kwa kisingizio cha kichwa. Kichwa hakiniumi. Nimekaa juu ya kitanda chako, nimeweka sinia mapajani nipate pa kuandikia, na kila mara mmoja wao akibisha namjibu kwa sauti ya mgonjwa.

Habari za mume, za mawifi, za jiko na za jirani umeimbiwa hapa nyumbani fungate nzima, na wengine wamekuimbia vizuri kuliko ningeweza. Sitazirudia. Nataka kukuandikia juu ya ugonjwa mmoja wa wanawake, na juu ya mtu mmoja ambaye sijamsamehe. Kwangu mimi mambo hayo mawili ni moja, na kesho unakwenda kuishi karibu na yote mawili.

Nianze na ugonjwa. Juzi asubuhi yalipoanza manyunyu nilikimbia kuanua nguo, nikakuta chupi zako zimeanikwa chini ya leso, zimebanwa katikati kama tulivyofundishwa sote, na bado ni mbichi tangu jana yake. Tena nimekuona unavyokaa: upande huu, kisha upande ule, kisha unasimama kama uliyekumbuka kazi. Kabla ya harusi ulimeza zile kapsuli za rangi mbili kwa ajili ya koo, na kabla ya kuzimeza ulikuwa mzima. Nayajua haya kwa sababu ndivyo ugonjwa huu ulivyonianza mimi.

Kwa desturi yetu nisingekwambia hata neno. Mama na binti wa pwani wanaweza kuzungumza mpaka usiku juu ya bei ya nazi na nani kamposa nani, lakini mambo ya chini ya kiuno ni kazi ya somo, yule mwanamke anayemfunda mwari. Mama hutazama pembeni. Desturi hii nimeitii tangu ulipobaleghe, na ndiyo sababu naandika badala ya kukuita tukae. Hata sasa mkono wangu unaona haya. Lakini nimefikiri sana, nikaona kuwa ukimya wa mama ndio unaompa somo nguvu zote, na somo akiwa mtu mbaya, msichana hana pa kwenda kuuliza. Somo wangu mimi alikuwa Mwanahawa, dada mkubwa wa marehemu babako. Yaani shangazi yako.

Umekua ukisikia kwamba mimi na babako tuliachana kwa kutoelewana. Neno hilo nililichagua mwenyewe, kwa sababu lilikuwa fupi na halikukutia doa. Halikuwa kweli.

Mtongwe, unakopelekwa kesho, ndiko nilikozaliwa. Nyumba ya wazazi wangu na nyumba ya kina babako zilitenganishwa na mihogo tu, na asubuhi kukiwa hakuna upepo ungesikia huko wanavyokuna nazi. Nilisomesha darasa la tatu katika shule ya hapo, nikaolewa hapo, na nilidhani nitazikwa hapo. Kutoka hapa Kisauni kwenda kule si safari ya kufungia mzigo: ni kuvuka daraja, kupita mjini na kupanda feri. Kwangu kumekuwa mbali kuliko Makka, maana Makka watu wa mtaa huu wamekwenda na wamerudi. Mimi tangu nitoke kule sijakanyaga. Nimesikia kisima kimefukiwa na njia imetiwa kifusi. Nikifumba macho bado naiona njia ya mchanga mweupe, na ndiyo hiyo ninayoitambua.

Tulikaa miaka mingi na babako bila mtoto. Babako hakunisumbua. Aliyenisumbua ni Mwanahawa. Alikuwa na binti wa rafiki yake aliyetaka kumleta awe mke wa babako, na mimi nilikuwa nimekalia kiti. Hakunichukia waziwazi, alinihurumia, na huruma yake aliitembeza nyumba kwa nyumba kama sahani ya futari.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikapata kikohozi cha kifua. Dukani wakaniuzia rangi mbili, nikameza mpaka nikapona. Baada ya hapo ikaanza kuniwasha. Kulikuwa na utoko mzito mweupe, kama tui lililokatika, na moto nikienda haja ndogo. Sasa najua ni kitu gani. Ni kuvu, jamaa ya ile inayoota kwenye mkate, na vitabuni wanaiita kandida. Tunayo sote mwilini, kinywani, tumboni na huko chini, na kwa kawaida haina neno kwa sababu kuna vijidudu vyema vinavyoizuia. Dawa kali za kuua vijidudu huua na hao walinzi, kisha kuvu inabaki na nyumba nzima peke yake. Hilo ndilo lililonipata, na ndilo lililokupata wewe. Hapana mtu aliyekuletea. Nataka ulisome sentensi hiyo mara mbili.

Lakini wakati ule sikujua. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na magazeti na vitabu, niliweza kuwafundisha watoto mifupa ya mkono, na kwa mwili wangu mwenyewe nilikuwa mjinga. Nikaenda kwa somo.

Mwanahawa alinipokea kwa furaha. Alisema, "Wifi, hiyo ni baridi imekuingia. Yataka kukaushwa." Akanipa shabu ya kusaga, lile jiwe jeupe la kukaza ngozi, nioshee ndani. Akanipa ndimu nikamulie kwenye maji. Jioni akawasha makaa, akatia udi kwenye chetezo, akanisimamisha juu yake nimejifunika leso mpaka miguu ikatetemeka. Mara ya kwanza nilipata nafuu ya usiku mmoja, kwa sababu kilichoungua hakiwashi. Kisha ikarudi kwa hasira. Nikarudi kwake. Akaongeza shabu.

Naomba unielewe hapa. Shabu na ndimu walizitumia bibi zetu, na sina kiburi cha kuwacheka. Udi kwenye nguo na nywele ni uzuri wetu, usiuache. Lakini ndani ya mwanamke hapahitaji kukaushwa wala kufukizwa. Panajisafisha penyewe, kama jicho. Ukitia ndimu au sabuni pale unawaua wale walinzi wachache waliobaki na kuichubua ngozi, na kuvu inakushukuru. Mimi nilifanya hivyo miezi. Nikaona pamezidi, nikatwanga kitunguu saumu nikaweka mwenyewe bila kuambiwa na mtu, nikalia kwa moto mpaka babako akadhani nimeumwa na tandu. Kitunguu saumu kile, kitie kwenye mchuzi, ni chema. Mahali pengine pote hakina kazi.

Na nguo zangu nilizianika vilevile kama wewe, chini ya leso, tena nyuma ya nyumba, upande usiofika jua. Tulifundishwa kwamba mwanamke mwenye adabu nguo zake za ndani hazionwi hata na jua. Kwa hewa yetu hii ya chumvi kitambaa hakikauki katika giza. Kila asubuhi nilivaa ugonjwa uleule wa jana, umefuliwa.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta wanawake uani kwa Mwanahawa, wanachambua mchele wa maulidi. Ua wetu ulikuwa mmoja. Alikuwa amekwenda kwenye kamba yangu, ameinua leso, ametoa chupi yangu yenye madoa ambayo hayakutoka, ameishika kwa kijiti. Aliponiona hakuiweka chini.

Akasema, "Mwalimu, ndoo, sogea. Twaulizana hapa. Hii ni nini?"

Nikasema, "Nipe nguo yangu."

"Nitakupa. Lakini mimi nimekutibu kwa mikono yangu tangu Rajabu. Baridi haikai hivi. Mwanamke wa mume mmoja hawi hivi." Akawageukia wenzake. "Ama mimi ndiye mjinga? Nyinyi nyote mumeolewa."

Mmoja alicheka kidogo, si kwa ubaya, kwa kuona haya. Kicheko kile kidogo ndicho kilichofika msikitini kabla ya magharibi. Babako aliingia, hakula, akaniuliza swali moja, nami kwa hasira sikumjibu. Nilidhani mtu aliyelala nami miaka yote ile hana haki ya kuniuliza. Hilo nililikosea. Kiburi changu kilimwachia Mwanahawa nafasi ya kujibu kwa niaba yangu. Usiku ule aliniacha kwa talaka moja, na ndani ya eda hakunirudia.

Sikukaa Mtongwe hata wiki. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, na kila aliyenipa pole alitazama kwanza sehemu ya mbele ya leso yangu kisha uso. Nikavuka feri na furushi na kasha la vitabu, nikaja kwa mjomba hapa Kisauni.

Huku nikazidiwa. Ikawa siwezi kutembea bila kusimama. Mke wa mjomba akanipeleka kwa nguvu zahanati, na mkunga wa zamu, mama mnene wa maneno machache, akanichunguza, akanawa mikono, akaniuliza, "Damu yako ya mwisho lini?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeshaacha kuihesabu. Miaka ya kungoja ilinifundisha kutoihesabu.

Akasema, "Una mimba. Hii fangasi hupenda sana wenye mimba. Ndiyo sababu haikusikia dawa."

Alikuwa anakusema wewe, Maimuna. Wewe ndiye uliyekuwa tumboni siku ile Mwanahawa alipoinua kijiti. Mwili wa mwenye mimba hubadilika, sukari huzidi huko chini, na kuvu hunenepa. Kile kitambaa alichokitembeza kama ushahidi wa mwanamume wa nje kilikuwa kimechafuliwa na mtoto wa ndugu yake mwenyewe, mtoto ambaye nyumba ile ilimwomba kwa Mungu miaka yote. Nimelifikiri jambo hili kila siku tangu wakati ule, na halijapoa. Watu wengine huniambia kwamba muda hutuliza. Kwangu mimi muda umelinoa tu.

Tulipeleka habari Mtongwe. Mwanahawa ndiye aliyempokea mjumbe. Jawabu lake lilikuwa, "Na amtafute mwenyewe mwenye mtoto." Babako alikuja kukuona mara moja, kwa siri, ulikuwa na meno mawili. Alikutazama masikio, akayashika, akalia. Masikio ni yake, hata wewe wajua. Akarudi kwao na hakusema kitu, na baadaye akafa bila kusema. Karatasi zako zote zina jina lake, na ami yako ndiye aliyekuozesha. Sheria haijapata kuwa na shaka. Wenye shaka ni wanawake wa uani, na kwa mwanamke anayeolewa mtaa huohuo, wao ndio sheria.

Sasa nikwambie nilivyopona, kwa sababu na wewe utapona.

Mkunga alinipaka dawa ya zambarau, ile inayotia rangi kila kitu, kwa kuwa nilikuwa na mimba. Ilinituliza. Lakini nilipokwisha kujifungua ikarudi, na dawa ya kuweka ndani nikapewa, ikaondoka ikarudi tena. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilikwenda maktaba ya mjini nikiwa nimekufunga mgongoni, nikaomba vitabu vya uzazi kwa jina la shule ambayo haikuwa tena yangu. Nikajaribu kitu kimoja kimoja, polepole, nikiangalia.

Niliacha sabuni ndani. Maji matupu, na nje tu. Baada ya kustanji chooni nilianza kujikausha kwa kitambaa safi kabla ya kuvaa. Sisi ni watu wa maji, tumesifiwa kwa usafi, lakini tunavaa tukiwa tumelowa na joto hili, na tunasahau kuwa unyevu ndio shamba la kuvu. Nilitupa nguo za nailoni, nikashona za pamba, pana. Usiku nililala bila kuvaa kitu ndani ya leso. Ngozi iliyochubuka niliipaka nje mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe. Yanatuliza, sitakudanganya kwamba yanaponya. Nilikunywa maziwa lala, yale yaliyoganda, bila sukari kila siku, kwa kuwa yana wale walinzi hai. Sijui kwa hakika yalifanya kazi kiasi gani, na vitabu havikukubaliana, lakini hayakunidhuru, na tumbo langu liliyapenda. Nilipunguza sukari, na hili lilinigharimu machozi, maana chai yetu unaijua, na kaimati, na halua za kila harusi. Wiki ambazo nilijisahau niliziona mwilini mwangu.

Na chupi nikaanza kuzianika juani, peupe, kisha kuzipiga pasi ya makaa. Jirani yetu wa wakati ule, Bi Rehema, alikuwa na ulimi mtamu. Alisimama penye ua wa makuti akasema, "Mwalimu, bendera hizo za nchi gani?"

Nikamwambia, "Za nchi yangu. Imepata uhuru."

"Na wimbo wa taifa mwaimba saa ngapi, nasi tuje tusimame?"

Alinitania hivyo mwaka mzima. Kisha siku moja nikaona na zake ziko juani, kubwa kama tanga, na sikusema neno. Nilikuwa na furaha ya mtu mbaya kidogo: nilitamani Mwanahawa angepita aone kamba ile ya wanawake wawili, mchana kweupe, na kijiti chake hakina pa kuinua.

Usidhani nakukataza hospitali. Mimea na maziwa na jua ni vya kuilinda nyumba isiingiwe tena. Ukiwa tayari umeingiwa, kama wewe sasa, nenda ukapewe dawa ya kuweka, uimalize yote hata kama kuwasha kumekoma. Ukipata homa, maumivu ya tumbo, au harufu mbaya, huo ni ugonjwa mwingine, usikae nyumbani nao. Mwambie Salimu. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla mtu mwingine hajamwambia kwa mdomo wake. Nilivyomtazama mumeo ni mtu wa kusikiliza. Na kama si mtu wa kusikiliza, ni heri ulijue jambo hilo mapema.

Sasa nifikie lililonifanya nifunge mlango.

Wiki moja kabla ya harusi yako, ulipokuwa umekwenda kupakwa hina, Mwanahawa alikuja hapa. Nilisikia hodi, nikafungua, na sikumtambua mara moja. Amekonda. Baibui limemning'inia. Mkononi ana kifurushi, na ndani yake chetezo.

Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. Sikumwamkia. Nilimwambia "hujambo" kama ninavyomwambia muuza samaki, akaimeza.

Akasema, "Nimesikia mtoto yuwaolewa kwetu. Nami ni shangazi yake. Haki ya somo ni yangu, wifi."

Nikamkaribisha akae. Alikaa kwa upande mmoja. Kisha upande mwingine. Nikatazama miguu yake inavyobanana, na moyo wangu ukaruka, Maimuna, kama moyo wa mtoto aliyesikia ngoma. Nilimwacha azungumze habari za harusi mpaka akaishiwa. Aliomba maji, akamaliza mtungi. Aliomba choo, akarudi, akaomba tena. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, akitazama mlango:

"Wasema watu wewe wajua dawa za wanawake."

"Najua kidogo."

"Nawashwa. Mwaka sasa. Nimefanya shabu, nimefanya ndimu, nimejifukiza. Haiondoki."

Mwanahawa ni mjane tangu wewe hujaanza shule. Nilijua hilo. Nikaliweka swali ulimini kidogo kabla ya kulitoa.

Nikamwuliza, "Wifi, nani alokuletea?"

Alinitazama. Nilikuwa nimeungoja mtazamo ule kwa umri wako wote. Hakuna kitu nilichowahi kula kilichokuwa na ladha ile.

Akasema, "Sina mwanamume. Mungu yuwajua."

"Hata mimi sikuwa naye. Mungu alikuwa akijua, nawe hukumngoja."

Akalia. Sikumnyamazisha. Alipokwisha nikampa nusu: nikamwambia aache shabu na ndimu, aache sabuni, ajikaushe, aanike juani, anywe maziwa lala. Nikamwambia kwamba hiyo nusu nyingine ina bei.

"Utasema mbele ya wanawake wa Mtongwe kwamba ugonjwa huu hauletwi na mwanamume wa nje. Na kwamba Maimuna ni mtoto wa ndugu yako. Pale pale uani, uliposema yale ya kwanza."

Akasema, "Mimi mtu mzima hivi. Na nusu ya walosikia washakufa."

"Ile nusu iliobaki yanitosha."

Hakuitikia, hakukataa. Alichukua chetezo chake akaondoka. Harusini hakuja, na ndivyo nilivyotaka. Lakini kesho atakuwako miongoni mwa watakaokupokea, kwa sababu ua bado ni ule mmoja, na nyumba ya Salimu ni ya tatu kutoka hapo. Atakuja na udi. Atataka kukuweka chumbani akufundishe. Mpokee kwa adabu, mwitikie abee akikuita, udi utie kwenye nywele na nguo. Akitoa shabu, mwambie mama amekwisha kukufundisha. Mwambie hivyo hivyo, mbele ya watu: mama. Sijui kama kuna tusi litakalomchoma zaidi.

Na nusu ile niliyoizuia, nitakwambia ni ipi. Mwanamke wa umri wake anayewashwa mwaka mzima, anayekonda, anayekunywa mtungi mzima na kwenda choo kila mara, na ambaye, kama alivyonieleza mwenyewe akidhani ni uchawi, sisimizi wanajaa pale anapokojoa: huyo ana ugonjwa wa sukari. Sukari inailisha kuvu, na hapana maziwa wala jua litakaloishinda mpaka sukari ishushwe. Nililijua kabla hajamaliza chozi la kwanza. Nilinyamaza. Nilitaka ajikune. Nilitaka akae katika feri, kati ya watu, ashindwe kukaa na ashindwe kusimama, kama nilivyovuka mimi siku ile na furushi langu.

Ameshakaa hivyo siku za kutosha kunishibisha kiasi, ingawa si kabisa. Na jana nilipokuwa nasoma nikafika mahali panapoeleza mwisho wa wagonjwa wa sukari wasiotibiwa: macho, vidole vya miguu, kisha usingizi usio na kuamka. Nikafunga kitabu. Nilijiuliza kama nimemwonea huruma, nikajichunguza kwa uaminifu, nikaona hapana. Niliogopa. Wale waliosikia wanapungua kila mwaka, na mwenye kusema ni mmoja tu. Akiondoka yeye, yale maneno ya uani yatabaki bila mtu wa kuyafuta, nawe utazaa wanao katika mtaa huo, nao watatazamwa masikio.

Kwa hiyo kesho, akikaribia kukushika mkono, mwinamie sikioni umwambie aende akapimwe mkojo na damu, aache halua na chai tamu, na wakimwandikia vidonge avimeze asikose hata siku moja. Mwambie umetumwa na mimi. Akidhani nimemsamehe, usimwachie adhani. Simtakii raha, wala simtakii usingizi mwema. Namtakia macho yanayoona, miguu ya kumfikisha uani, na umri mrefu sana, mpaka aseme.

Mamako